Mzee Aliyefunikwa na Amina

Simu ya mwenyekiti wa kikundi ilinikuta katikati ya jiji, kwenye foleni ya benki.

"Mwalimu, babake katibu wetu ametoka nyumbani asubuhi, hajarudi. Lakini usijali, tumeshamweka kwa mtandao vile ulitufundisha."

Hapo ndipo nilipoanza kujali.

Ualimu huo nilijipa mwenyewe. Kikundi chao cha mtaa wa Riruta, akina mama wa kanisa moja, husaidia familia zenye wazee waliopoteza kumbukumbu. Mimi, mwenye shahada mbili na muda mwingi kuliko inavyopendeza, nilijitolea kuwafungulia ukurasa mtandaoni. Niliwahutubia kanisani kwa sauti ya mtu anayelipwa. Nilichosisitiza zaidi ni kwamba mtandao haumjali aliyenyamaza: tangazo lisilo na maoni hufa. Mkiliona, andikeni chochote, hata neno moja.

Nilifungua ukurasa. Mzee alikuwa pale, koti la kahawia, kofia ya sufu, akitabasamu kwenye harusi ya mtu. Juu yake mstari wa Zaburi. Chini yake: Amina. Amina. Mungu amrudishe. Amina kubwa. Walikuwa wametii. Nambari ya simu haikuwepo popote.

Nilimpigia mwenyekiti. "Mama, nambari ya kupiga iko wapi?"

"Si kila mtu ako na nambari yangu?"

"Aliyemwona huenda hakujui."

Nadhani hakuwa amewahi kufikiria kuna mtu wa namna hiyo.

Kabla sijatia simu mfukoni, katibu mwenyewe alipiga. Alikuwa akizunguka Riruta kwa miguu, anahema. Babake hakuwa amemeza dawa ya presha, na wingu lilikuwa limeshuka.

"Mwalimu, huko kwa mtandao umeona nini?"

"Watu wanaomba."

"Hata mimi naomba. Nimeuliza umeona nini."

Niliiacha foleni, nikaketi kwenye ngazi za benki na kuanza kusoma Amina moja moja. Nilikuwa nimezipita mbiombio mara ya kwanza, kama msomi yeyote anavyopita maneno ya watu wa kawaida. Nyingine ziliingia nikiwa bado nasoma. Mlinzi aliniona nimeinamia simu, akaniuliza kama nimekatwa pesa.

Katikati ya maombi hayo niliona oni moja tofauti: "Kuna mzee anafanana na huyu hapa Hurlingham, nje ya duka langu la viatu. Anasema anangoja ofisi ifunguliwe." Lilikuwa limeandikwa kabla ya adhuhuri, na sasa ilikuwa alasiri. Watu watatu walikuwa wamelijibu. Amina, Amina, na kikaragosi cha mikono ya kuomba.

Nilimwambia katibu tukutane huko, nikapanda bodaboda. Mvua ilitukuta njiani. Njia nzima niliwaza mzee aliyechoka kungoja, akainuka, akavuka barabara.

Hakuwa nje ya duka. Nilichungulia mlangoni, nikamwona ndani, kwenye kistuli cha kujaribia viatu, kikombe cha chai mkononi.

"Nilimwingiza mvua ilipoanza," mwenye duka alisema. "Niliandika pale, nikaona watu wanasema Amina tu. Nikafikiri labda ni mambo ya kanisa."

Mzee alinitazama toka juu hadi chini, maji yakinitiririka. Jengo la ofisi alilolilinda hapo miaka mingi, kabla ya kustaafu, lilibomolewa zamani. Mahali pake pamesimama nyumba za kupangisha. "Wewe ndiye karani?" aliuliza. "Umechelewa."

"Ni kweli, mzee. Nimechelewa."

Katibu alifika na dawa mkobani. Hakulia. Alimwekea kidonge kwenye kiganja, akangoja hadi kimezwe, kisha akamfunga vifungo vya koti hadi shingoni.

"Atatoka tena," aliniambia bila kugeuka. "Na hao wataandika tena. Nani atasoma zote?"

Nilisema nitasoma mimi. Nambari ya simu sasa iko juu kabisa, kwa herufi kubwa, lakini simu ikilia kwa ujumbe wa ukurasa bado naacha ninachofanya na kusoma, Amina baada ya Amina, nikiogopa ile nitakayoiruka.