Ziara ya Miradi Sita

Mwalimu aliyetuletea mchezo ule alikuwa kijana wa kujitolea kutoka ng'ambo, akitufundisha fizikia katika sekondari yetu ya bweni pale Korogwe. Jumapili moja alitoka nyumbani kwake na kisahani cha plastiki cha rangi ya njano, akakizungusha kwa kiganja na kukiachia, nacho kikaelea hewani mpaka ng'ambo ya uwanja bila haraka yoyote. Tulidhani ni somo, tukakimbilia madaftari. Kumbe alikuwa amechoshwa tu na upweke.

Alitundika matenga makuukuu sita kwenye miti na nguzo kuzunguka shule. Unarusha kisahani kuelekea tenga la kwanza, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo hapo mpaka kiingie, kisha unaendelea na tenga la pili. Atakayemaliza yote kwa mitupo michache ndiye mshindi. Mchezo mzima hauzidi nusu saa, na hauhitaji kitu kingine isipokuwa mkono na subira. Mkono nilikuwa nao.

Ile ilikuwa miaka ya elimu ya kujitegemea, na shule isiyo na miradi haikuwa shule. Tenga la kwanza lilikuwa kando ya banda la kuku, la pili kwenye bustani ya mchicha, la tatu kwenye tanuri la matofali, la nne zizini kwa mbuzi, la tano chini ya tangi la maji na la sita mwanzoni mwa shamba la mahindi. Na kwa kuwa kila baada ya muda mfupi mkubwa fulani alikuja kukagua miradi hiyo hiyo, nasi tukasimamishwa tufagie na kushangilia, mchezo wetu tukauita ziara. "Twende ziara," mtu alisema baada ya vipindi, na sote tukaelewa. Aliyemaliza kwa mitupo michache tulisema ripoti yake nzuri. Aliyepoteza kisahani mahindini alikuwa ameharibu mradi.

Mwalimu yule alimaliza muda wake akarudi kwao, akatuachia kisahani. Namshukuru hadi leo, maana mimi nilikuwa mtoto wa kijiji cha Misima, huko Handeni, mwembamba, mwenye lafudhi ya Kizigua iliyowachekesha wenzangu wa mjini, na katika mpira wa miguu nilikuwa mtu wa kuokota mipira. Kwenye ziara nilikuwa bingwa. Sisemi kwa majivuno. Basi, nasema kwa majivuno kidogo.

Jumamosi moja, nikiwa kidato cha pili, alikuja ofisa kutoka wilayani. Hatukuambiwa mapema, na tulipopata habari tulidhani bado yuko mashambani. Mimi nilikuwa naanza kurusha kuelekea banda la kuku. Kisahani kilipokuwa njiani, mlango wa banda ukafunguka, akatoka mkuu wa shule amebeba trei ya mayai kwa mikono miwili ili amkabidhi mgeni kama mazao ya mradi. Kilimpata hapo hapo. Mayai yalimwagika kifuani mwake, kwenye ile suti yake ya kijivu ya mikono mifupi, yakateremka mpaka viatuni. Mgeni alicheka, na hilo ndilo lililoharibu mambo zaidi.

Aliokota kisahani, akaondoka nacho, na kesho yake tulikiona kupitia dirishani, juu ya kabati la ofisi yake.

Sasa nieleze ujinga wangu. Mkuu wa shule alikuwa Mnyamwezi, na sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Pale kijijini kwetu kulikuwa na mzee wa Kinyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge, akaoa akabaki. Nilikua nikimwona baba yangu akiingia uani kwake mchana kweupe, akikamata jogoo na kutoka naye, akisema, "Mtani, nimechukua changu." Mzee yule alipiga kelele za kuibiwa hadi mwisho wa njia, kisha wiki inayofuata akaja kwetu akachukua jembe. Hakuna aliyekasirika, kwa kuwa kwa mtani hasira ni aibu. Sharti lilikuwa moja: useme kwamba umechukua, usinyemelee.

Bweni letu lilikuwa na mashindano na bweni la jirani. Nikawaza, mkuu ni mtani wangu. Nikaingia ofisini saa nne asubuhi, yeye akiwa darasani, nikashusha kisahani, na kwa kuwa mimi si mwizi nikaacha karatasi juu ya meza: "Mtani, nimechukua changu." Nikaweka jina na kidato.

Nilitoka pale nikijiona nimefanya jambo la heshima kabisa.

Mkuu alikisoma kile kikaratasi mstarini, mbele ya shule nzima, kwa sauti ileile aliyosomea matangazo ya usafi. Wenzangu walicheka kwanza, kisha wakaona uso wake wakanyamaza. Alisema kuingia ofisi ya mkuu bila ruhusa ni kosa la kufukuzwa. Akanipa barua, nikamlete mzazi, na baada ya hapo uamuzi utatolewa. Kisahani nilikirudisha kwa mikono miwili.

Mwaka nilioanza shule, kijijini kwetu ni mimi peke yangu niliyepata nafasi ya sekondari. Wakati wa kuondoka, mama alikuwa amenikaangia karanga mfuko mzima, na watu wazima walikuja kunipa mkono kama mtu anayekwenda Hija. Nilipanda basi la Handeni na ile barua mfukoni, nikaomba Mungu liharibike njiani. Halikuharibika. Siku nyingine zote lilikuwa likiharibika.

Baba hakuwahi kwenda shule. Lakini tangu tuhamie kijiji cha ujamaa alikuwa akihudhuria kisomo cha watu wazima, jioni mbili kwa wiki, na mwezi uliotangulia alikuwa amepewa cheti. Nilipomsalimia na kumpa bahasha, nilitaka kumsomea. Akaifungua mwenyewe, akasema, "Hebu ngoja. Nitaisoma mwenyewe."

Akakaa kwenye kigoda, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. "M-zazi. Mzazi m-pen-dwa." Akanitazama kwa furaha, maana aliitwa mpendwa na watu wa serikali. Akaendelea. Mama aliacha kupepeta akaja kusikiliza. Kidole kilisogea polepole, kikafika kwenye jina langu, akatabasamu. Kikafika kwenye neno "utovu", hakulijua, akaliruka. Kikafika kwenye "kufukuzwa". Hilo alilisoma silabi moja moja, kisha akalirudia lote kwa pamoja.

Hiyo ndiyo barua ya kwanza ambayo baba yangu aliisoma mwenyewe maishani mwake. Nimefanya mabaya mengine tangu wakati ule, lakini hakuna linaloniuma kama hilo.

Hakunipiga. Aliuliza tu nilichokosa, nikamweleza tangu mayai mpaka karatasi. Alisikiliza, na nilipofika pale pa "Mtani, nimechukua changu" mama alijifunika uso kwa kanga, sijui kwa kulia au kwa kucheka. Baba akauliza, "Huyo mwalimu ni Mnyamwezi kweli, au anatoka huko huko tu?" Nikasema ni Mnyamwezi kweli. Akasema, "Haya. Kesho."

Alivaa kanzu yake ya Idi na kofia yake ya kushona, viatu akavibeba mkononi mpaka tulipokaribia lango la shule. Ofisini alisalimia kwa adabu, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Mkuu alimsomea makosa yangu yote. Baba akaomba radhi, akaomba tena, akamwomba kwa jina la watoto wake. Mkuu akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, naelewa. Lakini hapa ni shule. Leo kachukua kisahani kwa utani, kesho atachukua mitihani kwa utani, na wenzake mia tatu wanatazama. Nitawaambia nini?"

"Umesema kweli, Mwalimu," baba akajibu. "Mtoto amekosa. Utani si wa mwanafunzi na mwalimu wake. Utani ni wa watu wazima."

Kisha akainuka, akaenda kwenye msumari wa ukutani ilipoangikwa kofia ya pama ya mkuu, akaishusha, akaivaa juu ya kofia yake mwenyewe.

"Sasa," akasema, "mimi na wewe ni watu wazima. Au sivyo, Mnyamwezi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mkuu alimtazama kwa muda mrefu, na mimi nikahesabu vitabu vyote kwenye rafu.

"Mzigua," akasema mwishowe, na ile sauti ya mstarini haikuwepo tena, "rudisha kofia ya bwana wako."

"Bwana wangu yupi? Babu zako walipita kwetu na mizigo kichwani wakiomba maji!"

"Na ninyi mkawapa ya matope!"

Wakapeana mikono wakicheka, lakini mkuu hakusema nimesamehewa. Alishusha kisahani kutoka juu ya kabati. "Hiki ndicho kilichotuleta hapa. Hawa watoto wana mchezo wao, eti ziara. Tuichezee hiyo kesi. Ukinishinda, mwanao namsamehe. Nikikushinda, nachukua chako nitakachotaka, na usifungue mdomo."

"Twende," baba akasema.

Baba alikuwa hajawahi kushika kitu kile. Na mkuu, tulipofika uwanjani akafanya mtupo wake wa kwanza, nikagundua kwamba wakati kisahani kilipokuwa kimefungiwa hakikuwa kimelala. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuzoea kabisa. Kumbe zile Jumapili asubuhi, tukiwa kwenye ibada na usafi wa mabweni, mtu mzima alikuwa akifanya ziara peke yake.

Mimi nilipewa kazi ya kuhesabu. Baba alivua viatu, akapandisha kanzu na kuifunga kiunoni, akarusha kama anavyomrushia nyani jiwe shambani. Kisahani kilisimama wima, kikabingirika, kikarudi karibu kumfikia. Wanafunzi walianza kukusanyika. Kwenye banda la kuku mkuu alitumia mitupo mitatu, baba minane. Kwenye mchicha baba alijitahidi, akatumia mitano, akashangilia kama mtoto. Kwenye tanuri la matofali kilidunda kikaanguka nyuma, akakifuata mbio huku kofia mbili zikimtikisika kichwani. Jasho lilimtoka. Nilimwona anauma mdomo kila mara kabla ya kurusha, kama alivyouuma akisoma ile barua. Mitupo yake nilitaka kuipunguza katika hesabu, Mungu anisamehe, lakini mkuu alikuwa akihesabu naye kwa sauti.

Kwenye shamba la mahindi, mkuu alimaliza kwa mitupo kumi na tisa. Baba alikuwa na thelathini na nne na bado hajaingiza. Aliingiza kwa mtupo wa thelathini na sita. Akasimama pale kando ya tenga, mikono inamning'inia, hakunitazama.

"Nimeshinda?" mkuu akauliza.

"Umeshinda," baba akasema kwa sauti ndogo.

"Nachukua nitakacho?"

"Ndivyo tulivyopatana."

Mkuu akaninyooshea kidole. "Nachukua huyo." "Tangu leo si wako. Ni mali yangu. Atakaa hapa hapa mpaka amalize kidato cha nne, na usithubutu kuja kunidai kabla ya hapo. Na kwa kuwa ni mali yangu, leo hii anaanza kufagia banda la kuku, na atalifagia mpaka mwisho wa muhula."

Nilichelewa kuelewa. Baba alielewa papo hapo. Utani una taratibu zake, na aliyenyang'anywa lazima alalamike, kwa hiyo alitupa mikono juu akapiga kelele hadi kuku wakaruka, "Jamani Wazigua wenzangu, nimedhulumiwa! Mnyamwezi kaninyang'anya mwanangu mchana kweupe!" Wanafunzi walicheka mpaka wakakaa chini. Naye alikuwa akilalamika hivyo huku machozi yanamtiririka, na hakuyafuta.

Nilipata ruhusa ya kumsindikiza hadi Old Korogwe akapande basi. Karibu na daraja nilimwuliza jambo lililokuwa likinisumbua, kama alishindwa makusudi.

Alisimama. "Makusudi?" akasema. "Mwanangu, nilirusha kwa nguvu zangu zote. Nilitaka kukushindia. Sikuweza."

Akaniambia niwahi banda la kuku kabla jua halijazama, kwa sababu mwenye mali asingependa kungoja.