Mchezo wa Tisa

Ubingwa wa dunia wa drafti ulikuwa Salama, kando ya barabara kuu ya Mombasa, kwenye kibaraza cha fundi wa pancha, na kwa miaka minne mfululizo ulikuwa wa kaka yangu. Tuliuita wa dunia bila utani mwingi. Madereva wa kutoka Kampala, Kigali na Bujumbura walisimama pale kuzibiwa magurudumu, na walipokuwa wakingoja walikaa kwenye ubao. Kete zilikuwa visoda vya chupa, kumi na viwili vimelala chali, kumi na viwili kifudifudi. Aliyemfunga bingwa alikuwa bingwa. Kaka alikuwa amewafunga Waganda, Wasomali, Wanyarwanda na Mzaire mmoja aliyecheza huku akiimba. Kama kulikuwa na mwingine zaidi yake duniani, hakuwahi kupita Salama.

Alikuwa na muda wa kucheza kwa sababu hakuwa na kazi. Zamani alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva wa lori. Siku moja akiweka jiwe nyuma ya gurudumu kwenye mteremko, lori lilirudi nyuma kabla hajatoa mguu, na mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Tangu hapo alitembea kwa magongo mawili, na watoto wake watatu walikula kilichotoka katika shamba la mke wake, na shamba la kule kwetu huchagua miaka ya kutoa. Alikuwa akitafuta kazi ya kukaa. Alikuwa ameulizia posta, kwa chifu, kwenye maghala ya nafaka. Kote waliangalia magongo kwanza.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikawa kibarua katika kituo cha utafiti wa kilimo kule Kiboko, nikipima urefu wa mtama kwa rula na kuuandika daftarini. Jumamosi nilipanda gari kwenda Salama kukaa na kaka. Mwaka huo nilikuwa nimepata mchumba kutoka Mutomo, upande wa Kitui. Wazee wetu walikuwa wameshapeleka mbuzi wa kwanza, wale wa kufunga maneno, na mbuzi wakapokelewa. Kwa hiyo kwa desturi yetu nilikuwa tayari mkwe. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, mzee mrefu mwenye koti la kijivu, na kule Mutomo hakuna mtu aliyemfunga drafti. Hilo nilikuwa sijalijua.

Palikuwa na tajiri mmoja wa malori, mtu wa asili ya pwani ambaye ukoo wake ulikuwa umekaa Kitui mjini tangu babu zake. Jumapili alishuka barabara kuu kukagua magari yake, na alipenda drafti kuliko chai. Jumapili moja alimtazama kaka akimfunga dereva wake mwenyewe mara tatu, kisha akasema mbele ya watu wote:

"Karani wangu wa geti kule Changamwe, Mombasa, ameacha kazi. Nataka mtu akae kwenye kiti, aandike gari inayoingia na inayotoka, na madereva wasimchezee. Nataka kichwa, miguu sina haja nayo."

Kaka alipanga visoda upya, kimoja kimoja.

"Lakini nimesikia kuna mzee Mutomo, muuza mbuzi mwenye koti la kijivu," tajiri akaendelea. "Nitamleta na lori langu Jumapili ijayo. Atakayeshinda, nafasi ni yake."

"Mzee wa Mutomo atafanya nini na geti?" fundi wa pancha akauliza. "Ataandika mbuzi?"

"Ana kijana nyumbani. Kichwa cha baba, mtoto hupata walau nusu."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu tajiri alipomtaja huyo mzee na koti lake la kijivu nilijua ni nani.

Jumapili iliyofuata watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja kwenye kibaraza, wengine na Biblia mkononi. Mzee alishuka kwenye lori, akasalimia kila mtu. Mimi alinisalimia kwa kutazama pembeni kidogo, kama inavyotakiwa, nami nikainamisha kichwa. Sisi tuna neno, nthoni. Ni haya, na ni heshima ya wakwe kwa pamoja. Mtu mwenye nthoni hapigi kelele mbele ya mkwewe, hamtazami usoni, hamkatizi neno wala tonge. Baba mkwe akifika kwako jua limezama, humwambii amechelewa.

Walikubaliana kucheza michezo sita. Kaka alianza kwa maneno, kama kawaida yake.

"Mzee, hapa hatupimi kwa kushika mgongo. Hii si soko ya mbuzi."

"Mbuzi mzuri huonekana akiwa bado mbali," mzee akajibu. "Wewe nilikuona kutoka Kibwezi."

Kaka akashinda wa kwanza, mzee akashinda wa pili. Wa tatu na wa nne ilikuwa sare, kingi mmoja akizunguka pembeni na mwingine akimfuata bila kumfikia. Wa tano mzee, wa sita kaka. Mama wa chai aliacha kuuza. Mke wa kaka alikuwa amesimama nyuma kabisa na mtoto mgongoni. Hakujua drafti, alikuwa akisoma uso wa mumewe tu.

Tajiri akatoa sheria ya kuvunja sare. Watacheza michezo mitatu ya haraka, na atakayeshinda miwili amemaliza. Kila mtu acheze kabla mshale mwembamba wa saa haujamaliza duara moja. Ukipitwa, umefungwa. Akavua saa yake ya mkononi.

"Mchezaji haruhusiwi kutaja saa, wala watazamaji. Nitasikiliza mwenye saa peke yake. Nani ataishika?"

Ndipo ubishi ukaanza. Watu wa Salama walimkataa dereva aliyemleta mzee, kwa kuwa ni wa Kitui. Dereva akamkataa fundi wa pancha. Mwalimu mmoja alijitolea, ikasemwa kwamba anamsomesha mtoto wa kaka. Mwishowe fundi akaninyooshea kidole.

"Huyu hapa. Bingwa ni ndugu yake, mzee ni mkwe wake. Akiiba huku anajiibia, na akiiba kule anajiibia. Mtu wa haki kuliko huyu mtamtoa wapi?"

Kila mtu aliona ni busara. Mzee mwenyewe alitikisa kichwa kukubali. Kaka akasema, "Sawa, apewe." Ningeweza kukataa. Nimelifikiria jambo hilo Kiboko, Mutomo, Mwingi, na kila mahali nilipopanga chumba tangu wakati huo, na kila mara naona ilikuwa rahisi tu kusema hapana. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na kwa kweli nilijisikia mtu mkubwa. Nikapokea saa. Nikakaa ubavu, nisielekeane na mzee, macho yangu kwenye mshale.

Mchezo wa saba kaka alishinda upesi. Wa nane alikuwa na kingi wawili dhidi ya mmoja, akawa anatafuta namna ya kumbana kwenye kona. Alijisahau. Mshale ulifika juu, ukapita kidogo tu.

"Imeisha," nikasema.

Sauti yangu ilitoka safi kabisa. Watu wakapiga makofi, wakasema huyu ni mwamuzi kweli, hata ndugu yake hamwonei huruma. Kaka alinitazama mara moja, akanikubalia kwa kichwa, akaanza kupanga visoda. Nilijivuna. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mchezo wa tisa sikuutazama sana ubao, lakini mtu aliyekulia kwenye drafti huona hata kwa pembe ya jicho. Kaka alimfungia mzee njia moja baada ya nyingine hadi mzee akabaki na visoda vitano, na kila alichotaka kusogeza kililiwa. Palikuwa na tundu moja tu: kumpa kaka viwili makusudi, kisha kula vitatu kwa mkupuo na kufika mwisho wa ubao kuwa kingi. Nililiona. Nilijua kaka ameliona pia, kwa vile alivyoacha kupumua. Mzee alikuwa hajaliona.

Mshale ukafika nusu ya duara. Mzee akaweka kidole juu ya kisoda, akakitoa. Lori likapita barabarani na vumbi likatuingia, hakuna aliyejifuta. Mshale ukapanda upande wa kushoto. Nilikuwa nimeshaliweka neno mdomoni. Mshale ukafika juu, ukapita.

Mkono wa mzee ulikuwa angani, juu ya ubao, ukitafuta. Nikafungua mdomo. Nikamkumbuka huyu mzee akiwa amekaa nyumbani kwake siku ile mbuzi walipopokelewa, akinipa kibuyu kwa mikono miwili. Kumwambia imeisha, mbele ya watu, mkono wake ukiwa bado hewani. Neno halikutoka. Sikuamua kulizuia, lilikaa tu pale pale, na mshale ukaendelea kwenda.

"Mwenye saa," tajiri akauliza, "bado?"

Nikainamisha kichwa, jinsi nilivyokuwa nikifanya mbele ya mzee siku zote.

"Anasema bado," akajibu fundi kwa niaba yangu.

Mzee akaliona tundu. Akatoa viwili, kaka akala, maana kula ni lazima. Mzee akala vitatu, tak, tak, tak, akafika juu. Kaka alihangaika hatua kumi na kitu zaidi, kisha akakusanya visoda vyake vilivyobaki, akampa mzee mkono.

"Umenifunga, mzee."

"Ulikuwa umenimaliza, kijana," mzee akasema. "Sijui nimetokaje."

Sidhani alijua. Hakuwa mtu wa kudanganya kwa macho, na mawazoni huwezi kusikia muda. Amekwisha kufariki sasa, ndiyo maana naweza kuandika haya.

Mke wa kaka alikuwa ameondoka tayari. Kaka na mimi tukarudi nyumbani polepole kwa mwendo wa magongo, jua likiwa bado juu. Tulipofika kwenye kivuko cha mto mkavu, alisimama kupumzisha makwapa.

"Nilihesabu sekunde," akasema. "Themanini na moja."

"Themanini na mbili," nikasema.

Akacheka kidogo, kicheko cha puani.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Mchezaji hataji saa. Wewe ulikuwepo pale ikisemwa."

"Nitamfuata tajiri kesho. Nitamwambia ukweli."

"Utamwambia nini? Kwamba mzee alipita muda? Basi utakuwa unasema mbele ya watu mkwe wako alishinda kwa wizi. Na yeye hakuiba kitu, alikuwa anawaza. Sasa mwizi ni nani, tumwonyeshe tajiri?"

Nilitamani anitukane. Nilimwambia anipige, nikamaanisha. Akasema hana mkono wa ziada, yote miwili imeshika magongo.

Wiki mbili baadaye lori la tajiri lilisimama Salama likielekea Mombasa, na shemeji yangu mtarajiwa akashuka kunyoosha miguu. Alikuwa kijana mpole wa rika langu, na sanduku lake la bati lilikuwa juu ya mizigo. Dereva alikuwa na gurudumu la kuzibwa. Kaka alikuwa amekaa kwenye kibaraza bila ubao. Tangu ile Jumapili hakuugusa tena. Akamwita yule kijana.

"Wewe ndiye wa geti? Kuja hapa, keti."

Kijana akaketi kwa woga. Nilidhani atamsema vibaya, na sehemu yangu moja ilitaka iwe hivyo.

"Sikia. Gari ikitoka, usiandike namba ya gari peke yake. Andika namba ya kila tairi, na ya spea, maana tairi mpya hutoka na kuukuu hurudi. Dereva akikuletea soda, kunywa, lakini amka uende ukaangalie tangi, kwa sababu soda ni ya kukuweka kwenye kiti. Dizeli pima kwa kijiti chako, si kile cha taniboi. Kijiti chake amekikata chini. Mimi nilikuwa taniboi, nilikikata mwenyewe."

Kijana akaomba kalamu. Kaka akanigeukia, akasema, "Mpe yako," nikatoa ile niliyoandikia urefu wa mtama. Alimfundisha hadi gurudumu likazibwa na kujazwa upepo, karibu saa nzima, jambo moja baada ya jingine, bila kusahau lolote, kama mtu ambaye alikuwa amelala usiku mwingi akijitayarishia kiti hicho. Dereva akapiga honi. Kijana akamwambia, "Asante, kaka," akapanda.

Mimi nilisimama pale nikisikiliza yote, na hapakuwa na kitu cha kufanya.