Mke wa Mfungwa wa Mkatale

Watu wa Nyabiyonza walimjua Mwaja kwa ulimi kabla ya kumjua kwa duka. Alifika na mumewe Gharib kwa msafara kutoka Tabora, miaka michache baada ya Wadachi kujenga boma lao Bukoba, wakauza chumvi, shanga na kaniki katika kibanda kando ya migomba. Mteja akishikashika kitambaa bila kununua, Mwaja alimwambia kwa Kinyambo kilichonyooka kwamba kaniki si shavu la mtoto. Watu walicheka, wakanunua. Angeishi hivyo hadi uzeeni, kama Gharib asingeanza kusikia watu wakizungumza chini ya sakafu.

Mwanzoni alificha. Alimsomea dua, akamnywesha kombe, yale maji yaliyooshewa aya, na majirani akawaambia mume ana homa. Kisha asubuhi moja Gharib alitoka nyumbani ametulia kabisa, panga mkononi, akaenda shambani kwa Bitegeko, jirani aliyekuwa akiwapa mikungu ya ndizi bila kuombwa, akamkata mkononi. Hakusema kwa nini. Bitegeko alipona, lakini vidole vyake havikukunjika tena.

Kabyemera, mkungu, yaani mkuu aliyekisimamia kijiji kwa niaba ya mtawala wa Karagwe, hakuwa mkatili, na hilo ndilo lililomuudhi Mwaja zaidi, maana mkatili unamchukia tu ukalala. Fidia ya mkono ilitolewa, Bitegeko akaipokea, shauri likaisha. Lakini Gharib hakuachiwa. Mguu wake ulitiwa kwenye mkatale, gogo zito lililotobolewa tundu na kupigiliwa kigingi, nyuma ya uzio wa mkungu.

"Simfungi kwa alilolifanya," Kabyemera alimwambia Mwaja. "Hilo limekwisha. Namfunga kwa ambalo hajalifanya."

Mwaja aliyageuza maneno hayo kichwani njia nzima ya kurudi. Angembishia vipi? Shahidi gani anaitwa kwa jambo ambalo halijatokea?

Akakatazwa hata kumwona, kwa madai kwamba sura ya mke humvuruga mgonjwa. Kila siku alipeleka ndizi na maharage mpaka kwenye uzio, akamkabidhi mlinzi aliyeitwa Kashaija, akasimama pale akitega sikio, pengine atasikia kikohozi cha mumewe. Masika yakapita, vuli ikapita. Aliogopa, na hakuona haya kusema kwamba anaogopa.

Siku moja Kashaija, ambaye kwa kawaida maneno yake ni ya kuhesabu, alimwambia asijipe moyo. Mguu umevimba na unatoa usaha, ukikaa humo zaidi utamuua. Mkungu alikuwa karibu kumtoa, kwa sababu yule aliyeingia hajui hata jina lake alikuwa ametulia, anakula, anauliza habari za mkewe. Ila tangu mwezi ulipoandama wazimu umerudi, na safari hii unakuja kwa saa zake.

Mwaja akauliza unakujaje. Kashaija akaeleza kwamba mgonjwa anapiga viganja kwenye mavumbi, anajipaka usoni na mikononi, anageukia upande mmoja hata jua likimchoma, anainamia gogo huku midomo ikicheza, halafu ananyoosha kidole kimoja kama anayemwonyesha mtu kitu. Mwisho anaangalia bega hili, kisha lile. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, jua likizama, na giza likishaingia.

Mwaja alikaa chini palepale kwenye majani. Alicheka, kisha akalia, na Kashaija akarudi nyuma kidogo, nadhani akihofia kwamba ugonjwa huo unaambukiza. Mtu aliyekosa maji hutayamamu kwa vumbi, na asiyeweza kusimama huswali amekaa. Gharib alikuwa amekumbuka swala yake. Alipopata nafuu, ndipo walipomwona mgonjwa. Na wangejua wapi, watu wa watu? Wafanyabiashara Waislamu wa pande zile walihesabika, nao waliswali ndani, mlango umefungwa, kwa kuogopa kukodolewa macho.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Kituntu kwa Hatibu, muuza chumvi waliyekuja naye katika msafara mmoja, akamtaka aje aswali uani kwa mkungu, mbele ya watu wote, kwa vumbi na kwa kukaa. Hatibu alisitasita. Alisema wakionekana nao wanajipaka mavumbi, itasemwa kwamba wazimu ni wa kabila zima, na nani atanunua chumvi kwa mwendawazimu? Mwaja akamjibu kwamba chumvi yake ina mchanga na bado inanunuliwa. Kesho yake Hatibu akaja, njia nzima akinung'unika.

Ua wa mkungu ulijaa. Bitegeko alikuwapo pia, ameuweka ule mkono mapajani. Mwaja akamwona mumewe kwa mara ya kwanza tangu afungwe: nywele zimemfika mabegani, mguu umekuwa mkubwa kuliko tundu lake. Hatibu alikaa karibu na gogo, akapiga viganja chini, akajipaka. Gharib akamtazama, machozi yakamtoka, akafanya vilevile, na wawili wale wakaswali pamoja toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyecheka.

Kabyemera alisogea karibu na gogo. Akakubali kwamba walinzi wake wamekosea, kwamba ile ni ibada na mtu ana akili zake. Kisha akamgeukia Mwaja.

"Siku ile ya panga, asubuhi yake, aliswali?"

 Mwaja aliikumbuka alfajiri ile. Gharib aliswali, wala hakuruka hata sijda moja, akakunja mkeka, akampapasa yeye kichwani kwa upole, ndipo akachukua panga. Akisema kweli, swala haitakuwa ushahidi wa akili zake, na ule mguu utamwozea mumewe pale pale. Akisema uongo, anakwenda nao nyumbani. Bitegeko alikuwa akimtazama. Gharib alikuwa akitazama gogo.

"Hakuswali, waitu, bwana wetu," alisema. "Alikuwa ameacha."

Gharib alisikia, na hakuinua uso. Kigingi kikang'olewa.

Waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Gharib alichechemea, akauza chumvi, akamlimia Bitegeko shamba kila msimu, na hakumgusa mtu tena. Watu wakamsifu Mwaja kwa kumwokoa mume. Hawakujua kwamba tangu siku ile hakuswali tena nyuma yake. Mwanamke aliyesimama nyuma ya mumewe naye husujudu, na akisujudu hamwoni. Kila adhana ya moyo ilimkuta na udhuru: mara moto, mara mteja, mara kichwa. Alikaa mlangoni, macho mgongoni kwa Gharib, mpaka atoe salamu na kutoka nje, ndipo yeye aswali peke yake.

Alasiri moja, Gharib akitandika mkeka, alisema bila kugeuka, "Siku ile niliswali, Mwaja."

"Najua."

"Na mimi najua unachokitazama." Akauweka sawa mguu wake mbovu, akaelekea kibla. "Tazama tu, mke wangu. Hata mimi ningetazama."

Akaanza kuswali, na Mwaja akatazama.