Vipago Kumi vya Mama Kreni

Kwa miaka kumi na mmoja ofisi yake ilikuwa kibanda cha vioo kilichoning'inia hewani, mita sitini juu ya zege. Alipanda kwa miguu yake kila asubuhi, chupa ya maji kiunoni, akashuka jioni magoti yakilalamika. Wajenzi wa chini walimwita Mama Kreni, na jina likamganda, hata mumewe, fundi cherehani mpole wa maneno machache, akawa analitumia akitaka kumtania.

Siku moja, saa nne asubuhi, akiwa na mzigo wa nondo kwenye ndoano, dunia ikaanza kumzunguka. Haukuwa upepo. Aliushusha mzigo taratibu, kwa mazoea ya mikono tu, akazima mitambo, akakaa sakafuni na kushika kichwa. Walimteremsha amefungwa mikanda kama gunia. Daktari wa masikio akamweleza kwamba sikio lake la ndani, la kushoto, limeharibika. Kizunguzungu kitakuwa kinakuja na kuondoka kinavyotaka, na asipande tena ngazi, hata ile ya kubadilishia taa.

"Kwa muda gani?" aliuliza.

"Sikuzungumzia muda, mama," daktari akasema.

Akarudi nyumbani, na hapo ndipo taabu ilipoanza, maana Mama Kreni hakujua kukaa. Walikuwa na vyumba vitatu ghorofa ya chini, na chumba cha mbele kilikuwa karakana ya mumewe: cherehani mbili, meza ya kukatia, sare za shule zimepangwa kwa saizi. Wiki ya kwanza alipanga upya kabati la vyombo mara mbili. Wiki ya pili akazivamia nyuzi. Mumewe alizipanga kwa unene, yeye akazipanga kwa rangi, na fundi wa watu akapoteza nusu siku akitafuta uzi wa vifungo. Akimaliza kupanga, alitembea: dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani, mkono ukiparaza ukuta pale sikio lilipomchezea.

"Mke wangu," mumewe alisema siku hiyo bila kuinua macho, "najua hii nyumba ni ya kupanga. Lakini wewe umezidi kupanga. Hebu nenda kamsalimie mdogo wako."

Mdogo wake alikuwa fundi kompyuta, mitaa miwili kutoka hapo, kwenye chumba kimoja kilichojaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Alimkuta kakaa mbele ya skrini, usoni kavaa kitu cheusi kinene kilichomfunika macho yote, shingo inazunguka kama ya kuku aliyesikia mlio. Ilikuwa miwani ya VR, ile inayomfanya mtu ajione yuko ndani ya picha, aliyoachiwa na mteja aliyehama. Gemu zilizotengenezwa kwa ajili ya miwani hiyo alikuwa amezimaliza. Alichokitaka sasa ni kuingia ndani ya gemu za kawaida, zile za kuchezwa kwenye skrini, alizokuwa nazo miaka yote.

"Zinaingilika?" Mama Kreni aliuliza.

"Zinadanganyika," mdogo wake akajibu. Akamweleza. Kulikuwa na programu ndogo, iliyoandikwa na watu wa kujitolea walioko huku na huku duniani. Kazi yake ni kuilaghai gemu ichore kila picha mara mbili, moja ya jicho la kushoto na moja ya kulia, kisha iifuate shingo ya mtu popote inapogeukia. Gemu yenyewe haijui. Inadhani bado iko kwenye skrini. "Tatizo kila gemu ina ukaidi wake. Hii hapa inanitesa wiki ya pili."

Ilikuwa gemu ya mpeleka mizigo katika jiji kubwa. Kwenye skrini Mama Kreni aliona barabara, magari, maghala, na pembeni eneo la ujenzi lenye kreni ndefu ya njano. Akanyoosha mkono. "Lete."

"Dada, na hilo sikio? Daktari atanitafuta."

"Daktari alikataza ngazi. Hakutaja miwani."

Alidumu sekunde arobaini. Mdogo wake aliwahi kumwekea ndoo, na alipomaliza kutapika alilala chali sakafuni mle chumbani huku dari likimzunguka. Mdogo wake akadhani mambo yameishia hapo. Kesho yake alipofika kufungua mlango, alimkuta dada yake anamsubiri, anatembea mbele ya chumba kama mlinzi.

"Ile kreni ni ya kuchezea watoto," alisema kabla hata ya salamu. "Ningeweza kuiweka mfukoni."

"Kila aliyeingia kwenye gemu hii kwa miwani anasema dunia yake ni ndogo. Nimebadilisha namba ya ukubwa mpaka nimechoka. Nitajuaje saizi sahihi?"

"Kwa ngazi," Mama Kreni akasema. "Ngazi ya kreni, kutoka kipago kimoja cha kukanyagia hadi kingine, ni sentimita thelathini. Vipago kumi ni mita tatu, pingili moja ya mnara. Nimevipanda miaka kumi na mmoja, vimo kwenye magoti yangu. Nikisimama chini, macho yangu yanalingana na kipago cha tano. Jana yalikuwa yanalingana na cha kumi na tano."

Mdogo wake akafungua faili la mipangilio, akatafuta namba ya ukubwa wa dunia, akaizidisha mara tatu. Mama Kreni akavaa miwani, akasimama mbele ya mnara, akahesabu.

"Cha tano," alisema hatimaye. "Sasa hii ni kreni."

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila asubuhi, na hakuja kucheza. Mizigo ya kwenye gemu hakuipeleka popote. Alikuja kutafuta kasoro, na sikio lake bovu lilizinusa kuliko macho mazima ya mdogo wake. Alikuwa anasema, "Kuna kitu kinatetemeka nikigeuka," mdogo wake anabisha, kisha wanagundua kuwa gemu inachora jicho la kushoto kwanza na la kulia baadaye, kwa pengo dogo ambalo mtu mwenye afya halihisi. Alifumba jicho moja, akafumba jingine, akagundua kwamba kivuli cha ghala kipo kushoto na kulia hakipo. Kugeuka kwa kuteleza kulimpindua tumbo, basi wakaiweka gemu igeuke kwa mikato, hatua kwa hatua, na tumbo likatulia. Maandishi yaliyokuwa yamemganda puani waliyasukuma mbele, umbali wa mkono. Kila namba aliiandika kwenye daftari, na mdogo wake akazituma kwa wale wa kujitolea. Kila baada ya robo saa alilala sakafuni na kitambaa kibichi usoni, halafu akainuka tena.

"Dada, pumzika leo," mdogo wake alimwambia mara nyingi.

"Nikipumzika nitarudi kupanga nyuzi."

Wiki ya tatu gemu ikatulia. Hapo ndipo alipoamua kupanda. Chumbani mwa mdogo wake alikuwa amesimama wima, miguu imeachana, mkono mmoja kwenye pembe ya meza, wa pili kwenye kidhibiti chenye vitufe. Machoni mwake alikuwa anapanda mnara, pingili kwa pingili, barabara zikisinyaa chini yake. Alihesabu kwa sauti. Mdogo wake aliacha kufanya alichokuwa anafanya. Alipofika juu alipumua kwa nguvu, na kizunguzungu hakikuja.

Kibanda kilikuwa mbele yake, kina vioo na mlango. Akausukuma mlango kwa kitufe hiki, akajaribu na kile. Haukufunguka, ulikuwa umechorwa tu ukutani. Basi akafanya jambo ambalo mchezaji wa skrini asingeweza: akapiga hatua moja mbele kwa miguu yake mwenyewe, akapitisha kichwa ndani ya ukuta.

Ndani hakukuwa na kiti. Hakukuwa na vishikio vya kuendeshea wala dirisha la sakafuni la kutazamia ndoano. Hata kuta hazikuwepo. Zilikuwa zimechorwa upande wa nje peke yake, na mtu akiwa ndani alitazama moja kwa moja hadi mwisho wa jiji kana kwamba hakuna kibanda, hakuna kitu.

Akavua miwani, akaiweka mezani.

"Kumeharibika nini?" mdogo wake akauliza.

"Hakujaharibika. Hamna kitu mle ndani."

"Ndivyo gemu zilivyo, dada. Wanachora kinachoonekana tu. Hawakutegemea mtu afike pale."

Mama Kreni alichukua mkoba wake akatoka, na kwa siku nne hakurudi. Nyumbani alitembea mpaka mumewe akasimamisha cherehani na kumwita akae.

"Kuna nini?"

"Watu wa chini," alisema, "wanadhani kibanda kinajiendesha chenyewe. Nimekaa mle miaka kumi na mmoja. Msimamizi wangu hajawahi kupanda hata kipago kimoja. Wale wanaojifunza wanafanyia mazoezi kwenye skrini, wanafaulu vizuri, halafu siku ya kwanza juu wanaganda kama samaki wa friji. Mmoja nilimshusha mimi, analia."

"Hiyo skrini yao ni ya nini?"

"Programu ya mazoezi ya kreni. Kama gemu tu."

Akasimama. "Na kama gemu inadanganyika kuingia kwenye miwani, hata hiyo itadanganyika." Mumewe akamwona anavyotazama mlango, akatabasamu kidogo, akarudisha mguu kwenye cherehani. "Nenda basi," alisema.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa mtu mnene mwenye haraka, redio ya mkononi haimtoki. Ndiye aliyesaini karatasi ya kumwondoa kazini. Alisikiliza ombi lake, kwamba apewe nakala ya programu ya mazoezi, akiwa amesimama, akamwambia kwamba yeye ana jengo la kumaliza na hana muda wa michezo. Mama Kreni akarudi kesho yake. Akarudi keshokutwa. Siku ya nne msimamizi akampa nakala ya programu ili, kama alivyosema, apate kufanya kazi yake kwa amani.

Yeye na mdogo wake iliwachukua wiki tano. Programu hiyo hakuna aliyewahi kuiingiza kwenye miwani. Hapakuwa na namba za mtu mwingine za kuanzia. Mara ya kwanza macho mawili yaliona majengo mawili tofauti. Mara ya pili kamera ilikuwa nje ya kibanda, nyuma ya kisogo cha mwendeshaji asiye na uso. Mdogo wake alitukana kompyuta kwa sauti ya chini, akaomba msamaha, akatukana tena. Mama Kreni alitoka nje kila mara na kuzunguka jengo, akarudi na wazo, na nusu ya mawazo yake yalikuwa mabovu. Lakini kibanda cha programu hii kilikuwa na ndani. Kilikuwa na kiti, vioo, na dirisha la sakafuni. Siku kamera ilipokubali kukaa kitini, na ngazi ikapita mtihani wa vipago kumi, alikaa kwa muda mrefu kuliko ambavyo mdogo wake alikuwa amewahi kumwona akikaa.

Walimpelekea msimamizi vifaa ofisini kwake, saa ya chakula cha mchana, ili asipate kisingizio. Mama Kreni alimfunga mwenyewe mkanda wa miwani kichwani.

"Tazama chini, bosi."

Msimamizi akatazama chini. Mkono wake mmoja ukadaka ukingo wa meza, wa pili ukaangusha redio. Hakupiga kelele, alisema tu, polepole, "Kumbe hivi."

"Sasa inua ule mzigo. Mimi niko chini, nina haraka. Inua."

"Subiri."

"Inua, bosi. Watu wanasubiri zege."

"Nimesema subiri, mama."

Alipovua miwani jasho lilikuwa limemtiririka hadi kwenye kola. Alikaa kwanza.

"Nilikuwa nakupigia redio uharakishe," alisema.

"Kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa chini."

Basi Mama Kreni akapewa chumba, kontena nyuma ya ghala la saruji, na siku tatu kwa wiki za kukaa na wanaojifunza. Kundi la kwanza lilikuwa watu sita. Mmoja wao, mzee wa makamo aliyewahi kuendesha trekta, alipiga magoti mara tu alipovaa miwani na kukataa kuinuka. Mama Kreni akapiga magoti kando yake, akamshika bega, akamwambia asikimbilie kutazama mbali, aanze na mikono yake, kisha dirisha, kisha ndoano. Mzee akainuka. Wengine wawili walivua miwani, wakasema kazi hii si yao, wakaondoka. Msimamizi alinuna kwa kupoteza watu wawili. Baada ya mwezi alikuja mwenyewe kwenye kontena kusema kwamba wale wanne waliobaki walipanda kreni ya kweli na hakuna hata mmoja aliyelazimika kushushwa.

Sikio halikupona. Kuna asubuhi alizokwenda kazini akishikilia kuta, na kuna asubuhi ambazo hakwenda. Ndani ya kontena kulikuwa na kiti cha mwalimu ambacho hakukikalia kamwe. Alisimama, alizunguka, aliinama kutazama skrini juu ya bega la mwanafunzi mpaka wakamzoea.

Kisha Jumanne moja waliotengeneza ile programu ya mazoezi wakatoa toleo jipya, nalo likajipachika lenyewe asubuhi kabla hajafika. Alimkuta mwanafunzi, mama mmoja aliyekuwa mpishi wa hospitali, ameshikilia miwani mkononi kwa wasiwasi.

"Mwalimu, sijui nimegusa nini. Dunia imekuwa ndogo, na kila jicho linaona lake."

Mama Kreni akaivaa. Ni kweli: kivuli upande mmoja, mnara kama kijiti cha kiberiti, kila namba waliyoihangaikia wiki tano imefutika. Alisimama hivyo kidogo, akigeuza shingo kushoto na kulia.

"Hujagusa kitu," alisema. "Vuta kiti ukae, mama. Leo utajifunza jambo jingine." Akampigia mdogo wake simu aje na waya zake, akapandisha mikono ya gauni, akaanza kuhesabu vipago.