Somo la Siku ya Soko

Afisa wa elimu alituambia kitengo chetu cha watoto viziwi kitafungwa, eti wanafunzi ni wachache na serikali hailipi mwalimu afundishe madawati matupu. Mwalimu mwenyewe nilikuwa mimi, na nilikasirika, kwa sababu nilijua watoto wengine wamefichwa nyumbani. Siku ya soko nikawapeleka wanafunzi wangu sokoni Kola, tukafanya somo letu kwa ishara za mikono katikati ya magunia ya ndengu na mbuzi wa kuuzwa. Watu walitucheka, mpaka wakaona watoto wanasimuliana na kucheka kuwashinda wao.

Jumatatu asubuhi mama mmoja alisimama mlangoni, amemshika mkono binti yake mkubwa ambaye sikuwa nimewahi kumwona.

"Mwalimu," akaniuliza, "na mimi naweza kukaa nisome? Huyu sijawahi kuongea na yeye."