Siku Kesi ya Mama Ilipoingia Kitabuni

Mwaka ule sikuweza kukaa kwenye kiti muda mrefu. Mchana nilikuwa nafundisha Kifaransa sekondari, hapa Kalemie, na jioni nilikuwa nasaidia avoka mmoja, yaani wakili, mwanamke wa rika langu aliyeshika wazo moja na kukataa kuliachia. Alitaka hukumu kubwa za tribinali, mahakama zetu, zichapwe katika kitabu chepesi, Kifaransa upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, kila mtu azisome. Kiswahili kilikuwa juu yangu.

Alinieleza kwamba wakati wa Wabelgiji hukumu zilichapwa katika vitabu vinene, lakini nyingi zilihusu Wazungu na mali zao. Ndoa zetu na urithi wetu viliachiwa machifu, na waliyoyaamua hayakuvuka mto. Baadaye vita na mchwa vikala hata vile vitabu. Siku hizi hukumu inasomwa asubuhi, inafungwa ndani ya faili, na tribinali nyingine inaamua kinyume bila kujua.

“Muntu anashinda peke yake,” aliniambia. “Mwenye kuja nyuma yake anaanza upya.”

Alasiri moja alinipa faili mpya. Nilisoma mistari michache nikasimama. Ilikuwa nyumba yetu.

Baba alipokufa nilikuwa bado chuoni. Mdogo wake alifika akasema mama atoke, kwa sababu ndoa yao haikuandikwa komini, ofisi ya serikali, kwa hiyo hakuwa mke. Mama alikwenda tribinali. Waliitwa waliopeleka mahari, wakaitwa majirani na mchungaji, na mwishowe ikaamuliwa kwamba ndoa ya mahari, hata isiyoandikwa, ni ndoa ikiwa walioiona wapo na wanasema, na mke abaki katika nyumba ya mume wake. Mtaani kwetu ilikuwa habari ya mwezi mmoja, kisha watu wakarudia samaki wao na mihogo yao. Avoka alisema wako wanawake wengi kutoka ziwani mpaka Manono wanaohitaji sentensi ile moja. Majina, alisema, yatakuwa herufi tu. Sikuamini. Kalemie ukitaja avenyu ya nyumba na kazi aliyofanya marehemu kwenye reli, herufi hazifichi mtu.

Nilimkuta mama nyuma ya nyumba akipalilia mihogo. Nilimwambia. Hakuacha jembe.

“Baba yako mudogo anakula kwangu kila sikukuu,” alisema. “Unajua tulitembea namna gani mpaka kufika pale? Na sasa mumufunge ndani ya kitabu?”

Kwa siku kadhaa nilizunguka. Nilikuwa naanza kusahihisha kazi za wanafunzi, naziacha katikati, natoka kwenda mpaka kwenye daraja la Lukuga, narudi bila kuwa nimefanya lolote. Nikimfikiria mama, niliona avoka amekosea. Nikiwafikiria wale wanawake, niliona mama amekosea. Hakuna upande ulioniacha nipumzike.

Mama mwenyewe ndiye aliyekata shauri, au alilitupa kwa mwingine. Alisema nimwendee baba mdogo nimuulize. Akikataa, yaishe.

Baba mdogo alikuwa anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, karibu na bandari. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilimwomba tu nimsomee kitu. Alisogeza mizani, akanipa kigoda, lakini nilisoma nimesimama. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba aliyeshitakiwa alikuja kupima vyumba kabla ya maziko, aliinua mkono.

“Rudilia hapo.”

Nilirudia. Aliangalia samaki wake.

“Ni kweli,” alisema. “Lakini hawakuandika kama maji ya ziwa yalikuwa yamekula nyumba yangu, na watoto wangu walikuwa wanalala ndani ya kanisa.”

Nilimwambia habari hiyo haimo. Nilimweleza kwamba hukumu inabeba kile kilichoamuliwa na sababu zake, si kila kilichomsumbua mtu.

“Basi muchape,” alisema. “Sitaki mutoto wangu mwanamuke aambiwe siku moja kama hakuwa muke wa muntu. Lakini wewe, ile ya maji uijue.”

Nilirudi nyumbani mbio mbio, kama mtu anayeogopa jibu litaharibika njiani. Mama alisikiliza, akaniomba nimsomee na yeye. Jambo moja tu lilimkera. Nilikuwa nimeandika “mjane” kila mahali. Alisema siku ya kwanza tribinali alikwenda kama mke, na ndicho alichokwenda kusema. Neno hilo lingine walimpa watu. Avoka alibisha kidogo, kwa sababu Kifaransa kilisema vingine, lakini kwenye Kiswahili tukaweka “mke”.

Kitabu kilipotoka, mtaani watu walisema mawili matatu, wakanyamaza. Baba mdogo alikuja sikukuu iliyofuata kama kawaida, ingawa aliondoka mapema, na mama aliangalia mlango muda mrefu baada ya yeye kutoka.

Baadaye alifika mwanamke wa Niemba, amechafuka vumbi la pikipiki. Shemeji zake walitaka kumtoa katika nyumba yake kwa maneno yaleyale. Avoka wake aliweka hukumu ya mama mbele ya tribinali, na amebaki kwake. Hakuwa na haja yoyote. Alitaka tu kumwona mama. Walikaa ukumbini, wakaulizana watoto na shamba. Kisha mama akamuuliza:

“Na shemeji zako, munasalimiana?”

Mgeni alisema hapana.

Mama alimwongezea chai. 

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Kesho yake avoka alinipa hukumu ya ndugu wawili waliogombania shamba njia ya Nyunzu. Nimeshaitafsiri yote. Bado siku nyingi natoka nyumbani nikielekea kwao kuwauliza kama wanakubali ichapwe, nafika kituo cha pikipiki, nasimama.