Mbwa Aliniangalia, Mimi Nikafunga Mlango

Msiniambie habari za mbwa. Kila mtu hapa mtaani Kapata ana maneno yake: ati mbwa akikukodolea macho ana njaa, ati anakupenda, ati ameona mzimu nyuma ya mgongo wako. Mimi mbwa wangu aliniangalia miezi miwili mizima. Na mimi ni mwalimu! Kazi yangu ni kutazama nyuso za watoto hamsini na kujua nani hajaelewa. Sikuelewa kitu. Hasira ya jambo hilo ninayo mpaka leo, na mtu asije kuniambia nitulie.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama yangu, mimi na mbwa. Nyumba yenyewe ni moja ya zile za safu walizojengewa wafanyakazi wa mgodi zamani. Baba alibaki nayo alipostaafu, akatuachia alipofariki. Miguu ya mama ina ganzi, hatembei bila kushikwa mkono. Siku nyingi alishinda kitandani, katika chumba cha nyuma kilicho karibu na ukuta wa jirani.

Jirani huyo alikuwa mtu wa heshima zake, kofia kichwani, sauti ya taratibu. Akaleta mashine ya kusaga mahindi, akaifunga ndani ya lupango lake, yaani kiwanja chake, na mtaa mzima tukafurahi kwamba hatutabeba tena mabeseni mpaka mbali. Mashine ikawa inalia asubuhi mpaka jioni. Ukuta ulitetemeka, vikombe vikacheza kabatini. Lakini umpelekee mahindi sasa! Atakuambia: “Mama, mukanda imekatika, urudie kesho.” Kesho ukirudi, chujio limetoboka. Nikaenda kusagisha kwingine, na nyuma yangu mashine inalia. Sikujiuliza. Msagaji hana unga hata kwenye nyusi, ana vumbi jekundu mpaka masikioni, na mimi nasema maskini, biashara imemshinda. Nilimhurumia, jamani.

Ndipo mbwa alipoanza. Mashine ikilia tu, anatoka uani, anakuja kusimama kwenye mlango wa chumba cha mama, ananitazama. Hapepesi. Halafu anageuza kichwa, anaangalia sakafu chini ya kitanda, kisha anarudi kwangu. Mimi, sakafu, mimi. Nilimtupia kipande cha bukari, ugali wetu, hakukigusa. Nikamfukuza kwa ufagio, akarudi. Nilimpiga, ndiyo, nilimpiga, naye akakaa pale pale akiniangalia. Mwisho nikawa nafunga mlango.

“Hii imbwa iko nasema kitu,” mama aliniambia siku moja.

“Imbwa haisemake, mama.”

“Basi iko nauliza.”

Nikavuta kiti mezani. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Jirani naye alimwona. Alikuja kutusalimia, akakaa kwenye kiti cha baba, akamtazama mbwa muda mrefu, kisha akaniita pembeni. “Mama, mi siko na kutisha muntu. Lakini imbwa yenye kuangaria chumba ya mugonjwa hivi, kwetu bazee banasema inaona mwenye atatoka mu nyumba na miguu mbele. Ikibakia hapa, mama yako hatamaliza mwaka.”

Nikaamini! Nyinyi mnaosoma mnacheka, lakini mlaze mama yenu mgonjwa kitandani, halafu mtu wa heshima awaambie hivyo. Nilikuwa na mama mmoja tu. Nikamuuliza nifanye nini. Aka, mbona alikuwa na jibu tayari! Shemeji yake ni dereva wa lori, anakwenda Lubudi kesho yake, kule watu wa mashamba wanatafuta mbwa. Hata kamba alileta yeye. Mbwa akapandishwa juu ya magunia, na mpaka lori lilipokata kona alikuwa akiniangalia mimi, si barabara.

Na nilimshukuru yule mtu! Nilimpelekea sahani ya sombe, kisamvu chetu, nimeitia samaki, nimeifunika na kitambaa safi. Akala. Akarudisha sahani imeoshwa.

Wiki tatu hazikutimia. Jumamosi asubuhi mashine inalia kama kawaida, mama akaniomba nimpeleke msalani. Nikamshika mkono, tukatoka polepole kwa miguu yake ile. Tulipokuwa tunarudi tulisikia kishindo, na vumbi likatoka dirishani mwa chumba chake. Nikamketisha kwenye jiwe la kufulia, nikaingia mbio.

Kitanda kilikuwa kimesimama kichwa chini. Nusu yake iko ndani ya sakafu. Sementi imepasuka, na pale mama alipolaza kichwa miaka yote pana shimo ambalo sikuona mwisho wake. Kutoka chini kukawaka taa ya tochi. Mtu akakohoa. Kisha ikapanda sauti, ya adabu kabisa:

“Pardon, mama.”

Pardon! Chini ya kitanda cha mama yangu! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa sakafuni kwangu, na kinajua kuomba radhi.

Nilivua kiatu, nikaenda kwa jirani bila kubisha hodi. Mashine inazunguka tupu, hakuna punje hata moja ndani, na kelele zake zimejaa nyumba. Sebuleni, pale watu huweka meza, kulikuwa na kisima cha kuchimbia madini, kamba na magunia. Walikuwa wameshuka kwake, wakafuata jiwe la kijani, lile la shaba, mpaka kwetu. Mbwa alikuwa akiwasikia kila siku wakigonga chini ya miguu yetu. Sisi tulisikia mashine.

“Mama,” akasema, na kofia yake kichwani, “si muko bazima? Mungu asifiwe.”

Kiatu kilimpata shavuni. Cha pili pia. Watu wakanishika, wakasema mwalimu mzima anapigana, batoto banaona. Waone! Chef, yaani mkuu wa mtaa, akaja, akaandika karatasi, mashine ikazimwa, mchanga ukamwagwa ndani ya shimo. Mama akahamia sebuleni, na jioni akaniita karibu.

“Imbwa ilikuambia,” akasema. “Weye ulikuwa unafunga mulango.”

Likizo ilipofika nikanunua kamba mpya, nikapanda lori, nikaenda Lubudi kumrudisha. Haikuwa shida kumpata, dereva alinielekeza: mama mmoja mkulima, nyumba iko ng'ambo ya reli. Nilimkuta anapukuchua mahindi, na mbwa amekaa mbele yake anamtazama usoni. Amenenepa. Nikamwita. Alikuja, akanusa mkono wangu, akatikisa mkia vizuri tu, kama mtu anayemsalimia aliyekuwa mwalimu wake. Kisha akarudi kwa yule mama.

Nilianza kueleza nilichokuja kufanya. Kabla sijamaliza, mbwa alisimama. Akamwangalia yule mama, akaangalia shamba, akamwangalia tena. Yule mama hakusema “ngoja.” Hakumtupia chakula. Alimwaga mahindi kutoka mapajani, akachukua fimbo, akaondoka naye, na kweli mbuzi watatu walikuwa wameingia kwenye maharage.

Aliporudi, anahema, aliniuliza, “Mama, ulikuwa unasema nini?”

“Bure,” nikasema. “Nilipita kusalimia.”

Nilirudi na kamba ndani ya kikapu. Njia nzima nilikuwa na hasira, na sikuwa na mtu wa kuitupia, maana jirani hakunilazimisha kufunga ule mlango. Nilimtoa mbwa ili mama yangu aishi, kumbe nilimtoa aliyekuwa anamlinda.

Mama alikuwa sebuleni, ananingoja.

“Iko wapi?”

“Imepata mwenye kuisikia.”

Akavuta kitenge magotini. Nikakaa, nikavua viatu, nikaanza kusugua miguu yake kama kila siku. Ndipo ng'ambo ya ukuta ile mashine ikakohoa, ikakohoa tena, ikaanza kulia. Vikombe vikatetemeka kabatini.

Mama aliniangalia usoni. Kisha akaangalia sakafu. Kisha akaniangalia mimi.

Nikavaa viatu.